Mkungu wa Bi Mdogo

Habari ya msiba ilinikuta saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Binti wa mama yangu mdogo, mwenye duka la nguo pale Dunda, alipiga simu akasema kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia wakiwa karibu na maiti kwamba bibi wa nyumba ya mkungu ametutoka alfajiri, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Kwetu pwani maiti hamsubiri msusi. Nikajitanda mtandio juu ya kichwa chenye maoni mawili, nikamwacha msusi na rasta zake mkononi, nikashika njia ya Bagamoyo. Njia nzima nilijiuliza nitaandika nini juu yake. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba naogopa kuandika juu ya waliokufa: kalamu ikimshika marehemu humtakasa hata asipotaka, na huyu angekuwa wa kwanza kucheka akijiona ametakaswa. Alikuwa mwongo, tena mwongo hodari, na habari yake nzuri kuliko zote ni ile ya siku alipoamua kusema kweli na asipatikane wa kumwamini.

Wengi wenu mmekwisha kumwona bila ya kumjua jina, na jina lake silitaji leo, kama nisivyotaja la mtu yeyote hapa. Katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo ipo nyumba ya mawe na chokaa, mlango wa nakshi, baraza mbili mbele. Ukiingia unavuka ukumbi wenye giza la baridi, boriti za mikoko juu ya kichwa, halafu ghafla unatokea uani, na hapo ndipo wageni hushusha pumzi. Ua ule ni bustani. Asumini imepanda ukutani, mrehani umejaa katika makopo ya rangi yaliyokwisha, pana mkilua, pana mkomamanga usiozaa na kisima kilichofunikwa kwa bati, na katikati ya vyote umesimama mkungu uliotandaza matawi yake ngazi kwa ngazi, kama mtu aliyetandika mikeka ya wageni juu kwa juu.

Mara ya kwanza niliingia na wakwe zangu waliotoka bara, wakulima wa mahindi, ambao nilitaka waone kwamba na sisi wa pwani tuna kwetu. Bibi alitupokea kwa kanga mpya na maamkizi marefu, kana kwamba ametualika yeye. Baba mkwe alipouliza mti ule una umri gani, alijibu kwamba umri wa mti, kama wa mwanamke, hauulizwi, lakini kwa kuwa mgeni ametoka mbali atamwambia: ulipandwa na bibi wa bibi yake, siku msafara wa mumewe uliporudi kutoka bara bila ya mume. Bibi yule aliapa kusubiri kivulini mpaka mume arudi, na kwa kuwa kivuli hakikuwapo, ilibidi kwanza apande mti. Mama mkwe wangu alifuta machozi. Baadaye nilikwenda na wafanyakazi wenzangu, nikasikia kwamba mume alirudi, ila na mke mwingine. Mara ya tatu hapakuwa na mume kabisa, alikuwapo binti wa mtawala fulani aliyekimbia ndoa. Nilimvuta kando nikamkumbusha, naye akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akaniambia, "wageni wa leo ni maharusi. Utawapa maharusi habari ya mume asiyerudi?"

Ukweli, ambao mtaa mzima uliujua na haukuusema mbele ya wageni, ni kwamba hakuwa na bibi yeyote katika nyumba ile. Alizaliwa Makurunge, mashambani, akaletwa mjini akiwa bi mdogo, mke wa pili wa mwanamume ambaye nyumba ilikuwa ya ukoo wake. Mume alipofariki, ndugu zake walikuwa wameshatawanyika, wengine Unguja, wengine Dar es Salaam, na hakuna aliyetaka kuishi katika nyumba inayovuja, kwa hiyo wakamwachia akae. Wakazi wa zamani walimwita mtu wa kuja. Hawakumwita hivyo mbele yake wala kwa ubaya, bali kwa ile adabu yetu ya pwani inayoweza kumwamkia mtu miaka na miaka bila ya kumkaribisha. Nadhani hapo ndipo bibi wa bibi alipozaliwa. Mgeni wa kwanza alipouliza bustani hii ya nani, angeweza kujibu kwamba ni yake, ameiotesha kwa mikono yake mahali palipokuwa jaa la vigae na miiba ya samaki. Lakini mtu anayekumbushwa kila siku kwamba ametoka kwingine hapendi kuongeza kwamba na bustani yake nayo ni ya juzi.

Basi uongo ukakua pamoja na mti, mpaka ukafika ofisini. Afisa mmoja kijana, mpole, mwenye kuheshimu kazi yake, alikuja kuorodhesha majengo ya kale. Alimsikiliza bibi, akaupima mkungu kwa macho, akawauliza majirani kama maelezo yale ni sahihi, na majirani wakajibu kwamba hivyo ndivyo wanavyosikia. Hawakusema uongo, kwani walikuwa wakisikia kila Jumamosi. Haukupita muda mrefu kikawekwa kibao ukutani kueleza kwamba hii ni bustani ya kihistoria, na kwamba ni marufuku kukata, kung'oa au kubadili chochote kilichomo. Bibi alipika pilau, na wale waliokuwa wakimwita mtu wa kuja walikuja wakala. Siku ile, ndugu yangu wa Dunda ananiambia, ndiyo ya kwanza wanawake wa mtaa kumwita mwenye nyumba.

Mkungu haukujua kwamba ni wa kihistoria, ukaendelea kukua kama mti wowote. Mzizi wake mmoja ulipita kando ya kisima ukaingia chini ya chumba alichokuwa akilala, upande wa nyuma, na ukutani ukatokea ufa. Mwanzo ulikuwa mwembamba kama uzi, akauficha kwa kalenda. Kisha mjusi akahamia. Kisha asubuhi moja, akiwa bado kitandani, aliona mwanga wa jua umelala juu ya shuka mahali ambapo haukuwa na njia ya kufika. Akaenda kuomba ruhusa ya kuukata mti. Afisa alikuja mwenyewe kutazama, akasikitika kweli, akasema haiwezekani. Aliomba basi ufa uzibwe kwa saruji. Hilo nalo halikuwezekana, kwa sababu ukuta wa chokaa hauzibwi kwa saruji, na fundi wa chokaa lazima apitishwe kwanza. Nilikuwapo siku ile, na mazungumzo yao nayakumbuka neno kwa neno.

"Bibi, mti huu sasa ni wa taifa," afisa alimwambia.

"Na chumba changu?"

"Chumba nacho ni cha taifa."

"Basi mimi niliye katikati ya chumba na mti ni wa nani?"

Kijana wa watu aliinamisha kichwa, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Bibi naye hakumkera zaidi, akamwongezea chai.

Hapo ndipo alipofikia uamuzi ambao, kwa mtu wa aina yake, ulikuwa mzito kuliko kuhama. Alivaa buibui lake la kwendea harusini, akaenda ofisini, akakiri kwamba mti ule haukupandwa na bibi wa mtu yeyote. Aliupanda yeye, akiwa ametoka tu kuolewa, mche aliupata kwa jirani. Afisa alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamweleza kwa upole kwamba amekwisha kukutana na wazee wengi wanaogeuza maneno wakitaka kukata mti au kubomoa kibaraza, naye hawalaumu, maisha ni magumu. Lakini maelezo ya mwanzo yalithibitishwa na majirani, na ili yabatilishwe lazima apatikane shahidi aliyekuwapo. Bibi akawarudia majirani, na majirani kila mmoja akashikwa na maradhi ya kusahau, maana kukumbuka kungewafanya na wao kuwa waongo. Aliponipigia simu kunisimulia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefedheheka. "Nilipodanganya nilipewa kibao," alisema. "Nilipotubu nikaombwa shahidi."

Shahidi alikuwapo mmoja tu duniani, na huyo ndiye mtu ambaye marehemu asingependa kumwomba hata maji. Alikuwa bi mkubwa, mke mwenzake. Walikuwa wameishi pamoja katika nyumba ile muda mfupi, kama mwaka hivi, ndipo bi mkubwa alipofunga vitu vyake akarudi Miono kulima shamba la baba yake. Hakupewa talaka wala hakuidai, aliondoka tu, na mume akawa na mke mmoja mjini na mwingine shamba, mpango ambao ulimfaa yeye zaidi kuliko wao. Alipokufa, kila mmoja alikaa eda kwake, wakimlilia mtu mmoja katika nyumba mbili, na tangu hapo hawakuonana. Mimi nina gari, na mwenye gari hafichiki, kwa hiyo nikaombwa safari ya Miono.

Tulimkuta bi mkubwa barazani kwake akipukuchua kunde. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno, kinyume kabisa cha mwenzake. Marehemu akamwamkia, shikamoo dada, akajibu marahaba, akatuvutia mkeka, akaendelea na kunde zake. Tuliulizana habari za mvua, za wagonjwa, za watoto wa ndugu, mpaka habari zote za dunia zikaisha isipokuwa ile iliyotuleta. Marehemu, ambaye sijapata kumwona akikosa neno, alikuwa ameshika ncha ya kanga yake akiikunja na kuikunjua. Mwishowe akasema. Alisema yote, bibi wa bibi, kibao, ufa, na kwamba anahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba mti ule ameupanda yeye. Bi mkubwa alimaliza ganda lililokuwa mkononi. "Nitakuja," akasema. "Ila nitasema ninalolijua, si unalolitaka." Kisha akatupatia kunde za kubeba, na marehemu njia nzima ya kurudi alizipakata kama mtoto.

Kikao kilifanyika uani, chini ya mti wenyewe, kwa kuwa afisa alitaka shahidi aoneshe mahali. Tulikuwa sisi wanne tu. Bi mkubwa alisimama akautazama mkungu kwa muda, akatazama kisima, akatazama ukuta. Afisa alimwuliza kama ni kweli kwamba bi mdogo ndiye aliyeupanda mti huu. Akajibu kwamba bi mdogo alipanda mkungu, ndiyo, mahali hapahapa, lakini si huu. Marehemu aligeuka kumtazama. Bi mkubwa akaendelea, akizungumza na afisa lakini macho kwa mwenzake.

"Nilikuwa nafuga mbuzi. Yeye alikwenda kwao Makurunge kumwuguza mama yake, mbuzi wangu akala ule mche, hakubakisha hata kijiti. Nikaona akirudi atasema nimemfanyia makusudi, na nyumba ilikuwa imeshachoka kwa ugomvi. Nikatafuta mche mwingine uliolingana na ule, nikauchimbia palepale. Aliporudi hakujua."

Mwanamke huyu alikuwa amewapa wageni mti wa bibi wa bibi, kisha kwa shida kubwa akashuka mpaka kwenye mti wake mwenyewe, na sasa hata huo hakuwa nao. Afisa aliacha kuandika. Mimi nilitazama chini nikihesabu makungu yaliyoanguka.

"Mbuzi yupi?" marehemu akauliza.

"Yule mwenye baka jeupe usoni."

Marehemu alitikisa kichwa polepole. "Nilijua tu," akasema, "yule mbuzi hakuwa na adabu." Halafu akaketi kwenye ukingo wa kisima, akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na bi mkubwa akaenda akasimama karibu naye, hakumshika, alisimama tu karibu, mpaka akanyamaza.

Wenye kupenda mambo yaishe vizuri wataridhika kusikia kwamba ruhusa ilitoka. Ilichukua muda, lakini ilitoka, kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitika mbele ya afisa kwamba mti ule hauna historia yoyote. Ilipofika, aliyeiomba hakuitaka tena. Nilimwuliza kwa nini, baada ya taabu yote ile. Akaniambia kwamba maishani mwake watu wamemfanyia mema wakitaka aone, na huyu alimfanyia jema akitaka asione; sasa mti wa mtu kama huyo aukate kwa ajili ya ukuta? Akahamishia kitanda chake chumba cha mbele, kando ya ukumbi wanapopita wageni, na akamwomba bi mkubwa asirudi Miono upesi. Bi mkubwa alikubali kukaa mpaka mavuno. Mavuno yakaja yakapita, shamba akampa mpwa wake, na hapakuwa na aliyelizungumza jambo hilo tena. Ukuta nao haukungoja. Masika yaliyofuata uliporomoka wenyewe, chumba kikiwa kitupu, na kabla ya mvua kwisha mafundi wa chokaa wakawa wamefika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kwamba zama zetu zitakuja na taratibu ambazo kujenga ukuta ni kwepesi kuliko kupata kibali cha kuziba ufa.

Kibao kipo hadi leo, kwa kuwa kukibadilisha kunahitaji utaratibu wake. Marehemu alijaribu, kwa miaka iliyobaki, kuwaeleza wageni habari ya kweli, na hapo alijifunza jambo ambalo sisi tunaoandika magazetini tulikwisha kulijua: wengi hawakuipenda. Mgeni mmoja alilalamika kwamba hakutoka mbali kote kuja kusikia habari za mbuzi. Wengine walimtazama yeye, wakakitazama kibao, wakaamua kuamini kibao. Kwa hiyo akatafuta njia ya kati. Watu wa haraka aliwapa bibi wa bibi, na waliokubali kuketi wakanywa chai aliwapa mbuzi. Bi mkubwa alikuwa akifagia pembeni, maana mkungu ukipukutika haumpi mtu nafasi ya kupumzika, na mwenzake akizidisha chumvi alikohoa. Waligombana kila siku, juu ya ufagio, juu ya nazi katika mchuzi, juu ya mume aliyekufa zamani na alichokuwa akipenda kula. Kila nilipowatembelea niliondoka nikiwa nimechoka kwa kuwasikiliza, na nikiwa nimefurahi.

Nilipofika msibani mchana ule, wanaume walikuwa wamejaa barazani na wanawake ndani. Jamaa wa marehemu walikuwa wametoka Makurunge, lakini kila aliyeingia alisitasita asijue ampe nani mkono wa pole. Mila zetu zina maneno ya kumwambia mtu aliyefiwa na mume, na mzazi, na mtoto, na hazina neno la kumwambia aliyefiwa na mke mwenza. Zinadhani moyoni anashukuru. Bi mkubwa alikuwa ameketi mkekani mlangoni mwa chumba cha mbele, kanga imefunika nusu ya uso, na mwishowe watu wakamwendea yeye. Alipokea pole zote kwa kutikisa kichwa. Katikati ya hayo likaja kundi la wageni waliokuwa wamepanga ziara siku nyingi, na kiongozi wao, kwa aibu, akataka kuwarudisha. Bi mkubwa akatuma neno kwamba wapitishwe, walikuwa wamekuja kumwona mwenyewe, basi na wamuage. Wakapita kimyakimya, viatu mikononi, mpaka uani, na wakati wa kutoka mama mmoja kati yao akainama akauliza kwa sauti ya chini nani aliupanda ule mti mzuri.

"Aliupanda marehemu," bi mkubwa akajibu.

Mgeni akashukuru akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, nadhani nilimtazama kwa muda mrefu kupita adabu, kwa sababu aliniinamia akanong'ona, kama anayerekebisha kosa dogo la hesabu, "Mche wake ndio uliotangulia."

Nimeyafikiria hayo tangu nirudi Dar es Salaam. Pwani hii ya kaskazini inabadilika kila tukilala na kuamka; viwanja vinapimwa, kuta zinapanda, na kadiri tunavyojenga mageti ndivyo tunavyozidi kukimbilia Bagamoyo mwisho wa wiki kutazama milango ya watu ambao hawakuwa na mageti. Tunapiga picha, tunauliza nani alijenga, tunapenda tujibiwe kwa kitu kikubwa na cha mbali, msafara au binti wa mtawala, na tunapita bila ya kuuliza juu ya wanawake wawili wanaofagia. Sisemi tuache kutunza nyumba za kale. Nasema tu kwamba tunazitunza kwa bidii kuliko tunavyowatunza wanaotukumbuka. Bibi yule alipotaka kuisema kweli yake, marafiki waliokula pilau lake hawakumfaa kitu. Aliyemfaa ni mtu aliyekuwa hasemi naye. Naamini wengi wetu tuko hivyo. Kila mmoja ana Miono yake, mahali asipopenda kwenda, anapokaa mtu aliyegombana naye zamani. Na huenda mtu huyo ndiye pekee aliyebaki duniani anayejua tulivyokuwa kabla hatujaanza kujisimulia. Twende tukamwamkie, maadamu bado yuko hai na anaweza kuitikia.